Bei ya kusema hapana

Karatasi ya kuuza shamba katika pwani ya Kabezi haina mambo mengi. Mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, bado una matundu ya pini pembeni. Juu yameandikwa majina ya watu wawili na kilima anachotoka kila mmoja. Chini yake imefuata mipaka, kwa namna watu wa huko wanavyoitaja: upande huu migomba ya jirani, upande ule kijito, upande wa chini barabara nambari 3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Kisha kiasi cha faranga, kwa tarakimu na tena kwa maneno, ili sifuri zisije zikazaana usiku. Halafu inakuja ile sentensi ambayo hakuna karatasi ya aina hii inayoikosa: nimeuza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu. Mnunuzi ametia saini yenye mikia, mashahidi wameandika majina, na muuzaji amebonyeza dole gumba lenye wino wa buluu. Ukiangalia mwandiko utaona kwamba sentensi ya hiari haikuandikwa na mwenye dole gumba. Imeandikwa na mnunuzi, au na kijana aliyeitwa na mnunuzi kwa kuwa anajua kuandika. Anayetangazwa kuwa huru ndiye mtu pekee pale mezani ambaye hakuishika kalamu.

Kwenye vitabu, sheria ya Burundi inalichukulia suala la hiari kwa uzito mkubwa. Msingi wa mikataba nchini humo bado ni kitabu cha tatu cha kanuni ya madai, kilichotokana na amri ya 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo, kikaja kuletwa Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Kifungu cha 8 kinataja mambo manne ambayo mkataba hausimami bila hayo: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake kisheria wa kujifunga, jambo mahususi linalokubaliwa, na sababu halali. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba ridhaa iliyotolewa kwa kukosea, iliyoporwa kwa nguvu au iliyonaswa kwa hadaa haihesabiwi kuwa ridhaa. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, orodha ni ndefu kidogo: Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyochukua sura yake kutoka sheria ya India ya 1872, inataja shuruti, ushawishi usiofaa, ulaghai, upotoshaji na makosa. Waislamu wa Rumonge wanalijua jambo hilohilo kwa lugha ya fikihi, kwamba biashara ni kuridhiana. Na Waswahili walikwisha sema hiari yashinda utumwa. Hakuna basi anayebisha kwamba ridhaa lazima iwe huru. Ubishi uko kwenye swali la nini kinaiua. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kutafuta ngumi na uongo, na tukivikosa tunasema mkataba ni safi, ilhali kinachoiua ridhaa katika pwani hii mara nyingi hakina ngumi wala uongo. Ni bei ya kusema hapana. Mtu yuko huru kukubali pale anapoweza kukataa akarudi kwake bila kuangamia. Hakimu anayetaka kujua kama saini ni ya hiari angeanza kwa kuuliza kukataa kungemgharimu nini aliyesaini, na nani aliyenufaika na ukubwa wa gharama hiyo.

Swali hili si geni katika eneo letu, tumelikwepa tu. Dola iliyotunga amri ya 1888 ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na madai yake juu ya nchi yalijengwa kwa karatasi ambazo mawakala wake, Stanley akiwa mmoja wao, waliwawekesha alama machifu wa Mto Kongo. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa akifanya kazi hiyohiyo Usagara na jirani zake, na mnamo Februari 1885 karatasi zake za Kijerumani zikapata hati ya ulinzi ya Kaiser. Burundi ina karatasi yake pia. Juni 1903, huko Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alikubali mamlaka ya Wajerumani na faini ya ng'ombe 424, baada ya askari wa Kapteni von Beringe kumwandama ndani ya nchi yake na kuwatia nguvu mahasimu wake. Vitabu vya historia vinauita Mkataba wa Kiganda. Kwa kipimo cha bei ya kusema hapana, neno mkataba hapo linabeba mzigo usio wake. Kanuni inayodai ridhaa huru ililetwa na watu ambao wenyewe hawakuiomba, na pengine ndiyo sababu imekuwa kali kwa bunduki ya mtu binafsi na pole kwa mambo mengine yote.

Tuisome basi. Kifungu cha 12 kinaeleza nguvu inayoweza kubatilisha mkataba: ni ile inayomtia mtu mwenye busara hofu ya kupatwa, yeye au mali yake, na dhara kubwa lililo karibu. Kisha kinaongeza kwamba katika kupima jambo hili huangaliwa umri, jinsia na hali ya mtu. Maneno hayo ya mwisho ni akiba ambayo haijatumika vya kutosha, nami nitayarudia. Ila ni rahisi zaidi kuishia kwenye maneno ya mwanzo, ukatafuta panga, bunduki au tishio la kuchoma nyumba. Kifungu cha 14 nacho kinafunga mlango mmoja kwa makusudi: hofu ya heshima kwa baba, mama au mzazi mwingine wa juu, pasipo nguvu kutumika, haitoshi kuvunja mkataba. Chukua binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi, na desturi inawapa wana wa kiume. Anaitwa mbele ya baba, kaka zake na wazee, asaini kwamba anaachia kipande cha mihogo alichokuwa akilima. Hakuna aliyepaza sauti. Huenda hata kinywaji kimemiminwa. Lakini akikataa, juma lijalo hana pa kulala, na siku atakapougua hana wa kumbeba. Kanuni inaiita hali hiyo heshima na kupita. Kila mtu aliyekaa katika kikao cha namna hiyo anajua kwamba saini ile imetoka kwa mtu aliyezungukwa.

Kuna pia bei ya kukataa ambayo haikupangwa na mtu. Wavuvi wa ndagala wa Kabezi na Rumonge huvua usiku kwa taa, kwa sababu samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima hung'aa, taa zinakosa kazi, na mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa. Kila nyumba inayokula kwa ndagala inaijua njaa hiyo, na mkopeshaji wa riba anaijua kuliko wote. Hana haja ya kumtisha mtu. Anaangalia mbingu tu. Kukopa harusi, kulipa matanga: fedha inapokelewa kwa shukrani, na wiki zinazofuata kila ndoo ya samaki ina mwenyewe kabla haijafika nchi kavu. Upande wa Kongo biashara hii watu wanaiita Banque Lambert, jina la benki ya Kibelgiji lililopachikwa kwa kejeli. Mkulima ana mwezi mpevu wake pia. Oktoba na Novemba, mbegu zimo ardhini, ghala ni tupu, mtoto amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa daftari, ndipo mfanyabiashara anapokuja kununua maharage ambayo hayajatoa hata ua, au ngazi za michikichi zikingali juu ya mti. Tuseme gunia litakalokuwa na thamani ya 100 wakati wa mavuno linachukuliwa leo kwa 40. Ongeza maji. Katika miaka ya karibuni, hasa 2021 na 2024, Ziwa Tanganyika limepanda na kuingia kwenye nyumba na mashamba kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Mwenye kiwanja kilicholowa miguuni anauza kwa bei anayotajiwa, na jiji linaendelea kusukuma kusini kupitia Kanyosha, likiwa na wanunuzi wenye subira na fedha mkononi.

Wodi ya hospitali huonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko shamba. Mwaka 2006 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wagonjwa wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa fedha za matibabu, wengine kwa majuma, wengine kwa miezi, wakiwamo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Pierre Nkurunziza alitangaza uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 kuwa bure, na sehemu kubwa ya aibu hiyo ikapungua. Nauchukua mfano huu kwa sababu ya karatasi zinazozaliwa katika hali kama hiyo. Mume ambaye mkewe amelala nyuma ya geti lililofungwa anasaini nini? Anasaini chochote. Atauza ng'ombe, atauza mavuno, atauza nusu ya kiwanja kwa mtu wa kwanza mwenye noti. Na hapa lazima tuwe waangalifu, maana mnunuzi hakulifunga geti lile. Huenda hata ameokoa nyumba. Tukisema kila mkataba uliosainiwa na mwenye shida ni batili, tumembatilishia na huyu aliyekuja na bei ya haki katika siku mbaya, na kesho hatakuja tena. Shida peke yake, basi, haitoshi. Kinachogeuza shida kuwa kasoro ya ridhaa ni mtu wa upande wa pili kuijua na kuipandishia bei, mpaka vinavyobadilishwa havilingani hata kidogo. Vyote viwili viwepo: aliyesaini hakuwa na mlango wa kutokea, na aliyesimama mlangoni alitoza kiingilio cha kupita kiasi.

Sheria za nchi nyingine zimefika hapo, baadhi zamani. Kanuni ya Ujerumani, iliyoanza kutumika 1900, inabatilisha makubaliano ambamo mtu ameunyonya unyonge, ugeni au udhaifu wa mwenzake akajipatia faida isiyolingana kabisa na alichotoa. Ufaransa, katika mageuzi ya 2016, iliongeza kwenye maana ya nguvu kitendo cha kutumia vibaya utegemezi wa mtu ili asaini ambacho asingekisaini kama angekuwa huru. Kongo ilikwisha kuongeza kwenye kanuni hii yetu ya pamoja kipengele kinachomruhusu hakimu kupunguza riba ambayo mkopeshaji ameipata kwa kutumia mahitaji au ujinga wa mdaiwa. Na Ubelgiji, mama wa kanuni yenyewe, tangu Januari 2023 inatambua kasoro ya nne ya ridhaa pamoja na makosa, hadaa na nguvu: kuyatumia vibaya mazingira ya mwenzio. Wenye kanuni wameirekebisha. Burundi imeibakiza kama ilivyoipokea.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya haya yote, na inasikika hata kwa watu wema: ukifungua mlango huu, hakuna hati itakayolala salama. Mnunuzi atalipa leo, kesho muuzaji atakumbuka kwamba alikuwa na njaa. Bila saini kuheshimiwa hakuna soko la ardhi, hakuna mkopo, hakuna amani kati ya majirani. Kifungu cha 33 cha kanuni hiyohiyo kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Jibu langu liko kilomita hamsini na kitu kusini mwa Kabezi, kwenye mashamba ya michikichi ya Rumonge, ambako nchi imelijaribu jambo hili kwa gharama kubwa.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa kitovu chake, na watu wengi wakauawa na waasi. Kilichofuata ni serikali ya Michel Micombero kuwaua Wahutu kwa idadi kubwa mno nchi nzima. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakaishia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ardhi waliyoiacha kwenye uwanda wa Imbo haikukaa tupu. Sehemu yake serikali iliwagawia watu wengine, nyingine ikaingia kwenye miradi ya michikichi, nyingine ikauzwa, ikarithiwa, ikauzwa tena. Kanuni ya ardhi ya 1986 ikaweka muda wa miaka 30 ambao ukipita mkaaji anakuwa mwenye mali, na 15 tu kwa mwenye nia njema, kana kwamba aliyeko Mishamo angeweza kuvuka mpaka akaja kuweka pingamizi. Mkataba wa Amani wa Arusha, uliosainiwa 28 Agosti 2000, ukaahidi wakimbizi warudishiwe ardhi yao, na pale isipowezekana walipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoongozwa kwanza na Padri Astère Kana. Katika miaka hiyo ya mwanzo, hasa Rumonge, njia iliyopendelewa ilikuwa kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyemkuta abaki na sehemu. Safu hizi za michikichi kwako, safu zile kwake. Wote wawili wanasaini, na karatasi inaitwa makubaliano ya hiari. Nusu shari kuliko shari kamili.

Ulizeni hapo bei ya kusema hapana. Aliyerudi alikuwa na familia chini ya turubai au kwa ndugu, chakula cha msaada chenye tarehe ya mwisho, na faili ambalo likiondoka mezani halijulikani litarudi lini. Akikataa nusu, anabaki na haki kamili ya karatasi na jembe lisilo na pa kulima. Aliyemkuta alikuwa na miaka thelathini na kitu ya jasho kwenye shamba lile, pengine na makaburi ya wazazi, na hati aliyopewa na serikali yenyewe. Akikataa nusu anahatarisha vyote na anaitwa mvurugaji wa amani. Na msuluhishi aliyeketi katikati yao alikuwa chombo cha dola, dola ileile iliyoigawa ardhi hiyo mara ya kwanza, chenye mamlaka ya kuamua usuluhishi ukishindikana. Msuluhishi anapokuwa pia ndiye rungu, ushauri wake unasikika vingine. Simaanishi kwamba makubaliano yote yale yalikuwa ya kulazimishwa. Wapo majirani waliokubaliana kwa moyo, waliooana baadaye, wanaokamua mawese kwenye kinu kimoja hadi leo. Ninachosema ni kwamba karatasi za makundi yote mawili zilifanana neno kwa neno, na hakuna aliyekuwa ameweka alama ya kuzitofautisha.

Ukafika 2011, uongozi wa tume ukabadilika, akashika Monsinyori Sérapion Bambonanire, na mwelekeo nao ukageuka: aliyenyang'anywa arudishiwe chote, kama Arusha ilivyosema. Mafaili yaliyokuwa yamefungwa kwa kugawana yakafunguliwa upya. Sheria ya mwishoni mwa 2013 ikaipa tume nguvu zaidi, na ya Septemba 2014 ikaunda mahakama maalumu ya ardhi na mali nyingine. Watu walioamini kwamba saini yao imemaliza ugomvi wakajikuta tena mbele ya maofisa, safari hii wakiambiwa watoke. Wengine walikuwa wamenunua kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyenunua kwa nia njema. Kama kugawana kulikuwa na upungufu wa hiari, kurudisha kwa amri hakukuwa na hiari kabisa. Hili ndilo jibu kwa wanaoogopa kwamba kuchunguza ridhaa kutatikisa hati. Rumonge ilitikisika kwa sababu ridhaa haikuchunguzwa mwanzoni. Saini iliyotolewa na mtu asiyeweza kukataa hukaa kimya mradi mizani ya nguvu haijabadilika. Ikibadilika, inarudi mezani ikiwa na riba. Aliyejiona amepunjwa hukirithisha kinyongo chake kwa wanawe pamoja na jina la shamba.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, maana linatetea heshima ya maskini. Linasema: mwache mtu mzima aamue. Yule mvuvi anajua kuhesabu, aliona riba, akaikubali kwa kuwa njaa ya watoto ilikuwa mbaya zaidi. Kumwambia hakuwa na ridhaa ni kumgeuza mtoto. Nakubali nusu ya kwanza yote. Mvuvi alihesabu, na alihesabu vizuri. Kati ya hasara mbili alichagua iliyo ndogo. Hakuna anayeitilia shaka akili yake. Kinachotiliwa shaka ni mwenendo wa mwenzake aliyeijua hesabu hiyo na kuigeuza kuwa mtego. Mtu akizama akamwahidi mwenye mtumbwi ng'ombe wake wote ili aokolewe, akili yake ni timamu kabisa, na sijui mzee yeyote wa kilimani ambaye angemwamuru atoe ng'ombe wote. Angesema mpe mwenye mtumbwi asante yake, na iwe nono. Hapo pia ndipo inapopatikana dawa ya hofu kwamba wakopeshaji watakimbia. Hakimu hana sababu ya kufuta mkopo. Apunguze riba ifike kiwango cha kawaida, kile wanachotoza vyama vya akiba na mikopo kama COOPEC, mkopeshaji arudishiwe mtaji wake na faida ya haki, basi. Atakayekimbia kwa sharti hilo alikuwa anauza kitu kingine, siyo mkopo.

Watasema tena, wazee mashahidi wapo kwa kazi hiyo. Desturi ya Burundi inataka ardhi iuzwe mbele ya bashingantahe, ndio wazee hao, nao hupewa agatutu, kinywaji cha kushuhudia, kinachogharimiwa mara nyingi na anayenunua. Desturi ni nzuri, ila shahidi anayekunywa cha mnunuzi ameona mkono ukisaini. Moyo hakuuona, wala hakuulizwa. Sheria ya Tanzania ina somo dogo hapa. Pale mmoja anapokuwa na nafasi ya kuitawala nia ya mwenzake, na makubaliano yenyewe yanaonekana kuwa ya kidhalimu, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwenye nguvu: yeye ndiye aonyeshe kwamba hakuutumia ubabe wake. Nchini Burundi hadaa haidhaniwi, lazima ithibitishwe na anayelalamika, na anayelalamika ndiye yule asiyeishika kalamu. Kuugeuza mzigo huo kungebadilisha tabia za wanunuzi kabla kesi yoyote haijafunguliwa. Mwenye kujua kwamba ataulizwa siku moja angeandika karatasi kwa Kirundi au Kiswahili na kuisoma kwa sauti, angemwachia muuzaji nakala yake, angeacha siku kadhaa zipite kati ya mapatano na dole gumba, na kwa mazao yaliyonunuliwa yakiwa machanga angetaja bei ya mavuno na kukubali kuijongelea.

Bunge la Bujumbura likichelewa kulipitia jambo hili, na mabunge huchelewa, mahakama ya tarafa haina haja ya kulingoja. Maneno ya kifungu cha 12 yako pale tangu 1888: umri, jinsia na hali ya mtu. Hali ya mtu ni pamoja na njaa yake, geti lililofungwa, turubai juu ya kichwa, kaka watano wamekaa duara. Na baraza la wazee wa kilima, lililorudishwa kisheria mwaka 2021, linaweza kuanza mapema zaidi, siku ileile ya kuuza. Wamchukue muuzaji pembeni, chini ya mwembe, mnunuzi akibaki barabarani asikosikia. Wamuulize swali moja: usipouza leo, kesho itakuwaje? Biashara nyingine zitafia pale, nyingine zitaendelea kwa bei iliyopanda kidogo, nyingi zitaendelea kama zilivyokuwa. Na kama sentensi ya hiari ni lazima iandikwe, iandikwe baada ya hapo, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, hata kama yatasema tu kwamba anauza kwa sababu mkewe hajaruhusiwa kutoka hospitali.